Kibodi ya nje kwenye kishikwambi: waya, kipokezi cha USB, Bluetooth au kava?

Mtu akishaandika kurasa tatu kwa vidole viwili juu ya kioo, hahitaji tena kushawishiwa kwamba kishikwambi chake kinataka kibodi. Anachokwama ni dukani. Pale Aggrey, Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, atatolewa kibodi ya waya, ya kidude cha USB, ya Bluetooth na kava lenye kibodi ndani, na muuzaji ataapa kuwa zote zinashika. Wala hadanganyi, karibu zote zinashika. Tofauti huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili, chaji inapokata katikati ya kazi au herufi zinapoanza kuruka.

Siku hizi wanaoniuliza zaidi ni walimu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu Tanzania, na andalio la somo haliandikiki kwa raha kwenye kioo. Ila ninayoyaandika hapa yanamhusu pia mwenye iPad, mwenye Samsung, na mwenye tableti isiyo na jina aliyoletewa zawadi.

Tutapima kwa vigezo gani

La kwanza ni tundu. Vishikwambi vingi vina tundu moja tu la kuchajia, na hilohilo ndilo la kuchomekea vitu vingine. Kwa hiyo uliza: kibodi ikiwa kazini, chaji itapita wapi? Nimeliweka mbele kwa sababu ndilo watu husahau kuuliza, na ndilo linalowarudisha dukani.

Linalofuata ni umeme wa kibodi yenyewe: inalishwa na kishikwambi, ina betri za kununua, au ina betri ya ndani ya kuchaji? Kisha uandishi wenyewe, yaani herufi zinatoka papo hapo au zinachelewa na kupotea. Kisha mwendo: itaingia begini, itaandikika mapajani? Mwisho ni kudumu. Kipande kimoja kikipotea, au ukibadilisha kishikwambi, unabaki na nini mkononi? Bei nitaitaja pale tu inapobadilisha uamuzi.

Kibodi ya waya kwa OTG

Hii ni kibodi ya kawaida ya kompyuta, ileile inayokusanya vumbi chini ya meza ofisini, ikiunganishwa kwa kebo fupi ya OTG, inayokiwezesha kishikwambi kupokea vifaa vya USB kama kompyuta. Android inapokea kibodi za USB tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, kwa hiyo umri wa kifaa si kizuizi. Kizuizi ni iwapo mtengenezaji hakuuwasha uwezo huo. Upande wa iPad, zenye USB-C (Pro tangu 2018, Air tangu 2020, mini tangu 2021, na iPad ya kawaida tangu kizazi cha 10 cha 2022) zinataka adapta nyepesi tu. Zenye Lightning, tundu la iPad za zamani, zinataka adapta ya Apple iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, ile yenye tundu la USB.

*Tundu.* Hapa ndipo waya unapouma. Ukichomeka kibodi umeziba njia ya chaji, basi. Habu ya USB-C (kigawio cha matundu kadhaa) yenye tundu la kupitishia chaji huokoa jahazi kwa vishikwambi vinavyoikubali, na si vyote vinavyoikubali. Kwa micro-USB, tundu dogo la vifaa vya Android vya zamani, usijipe matumaini: kebo za matawi mawili zinazouzwa kwa ahadi ya kuchaji na kuandika kwa pamoja mara nyingi hufanya moja kati ya hayo mawili. Wenye tableti za zamani zilizo na kitundu cha mviringo cha chaji pembeni ndio waliobahatika, kwa kuwa kwao matundu ni mawili.

*Umeme.* Kishikwambi ndicho kinacholisha. Kibodi ya kawaida hula kidogo mno, kwa kawaida haizidi miliampia 100, na hutaona betri ikishuka kwa sababu yake. Zile za michezo zenye taa za rangi hula mara kadhaa ya hapo. iPad huweza kuzikataa kabisa na kukuandikia kwamba kifaa kinataka umeme mwingi mno.

*Uandishi.* Haina mpinzani. Hakuna kuoanisha (kutambulisha kibodi na kishikwambi mara ya kwanza), hakuna kusinzia, na hata ukumbini penye simu mia herufi zinatoka vilevile. Ila kuna mitego miwili. Vifaa kadhaa vya Oppo na Realme vina swichi ya OTG ndani ya mipangilio, na swichi hiyo hujizima baada ya dakika 10 bila matumizi. Watu hudhani kibodi imekufa kumbe swichi imelala. Na iPad iliyofungwa zaidi ya saa moja huenda isiisikie kibodi ya USB mpaka uifungue kwanza kwa kidole, uso au namba.

Namna ya kuipima dukani usidanganyike: chomeka, halafu bonyeza Caps Lock. Taa inayomulika mara moja unapochomeka ni umeme tu unapita, haithibitishi kitu. Taa ya Caps Lock yenyewe huwashwa na kifaa kilichounganishwa. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kishikwambi kimeitambua kibodi. Isipobadilika, mwambie muuzaji alete OTG nyingine kabla hujailaumu kibodi, maana kebo za micro-USB zisizo za OTG kweli zimejaa sokoni: pini yake ya nne haikuunganishwa inavyotakiwa, na bila hiyo kishikwambi kinajiona chenyewe ndicho kilichochomekwa kwenye kompyuta.

*Mwendo.* Mbaya. Kibodi ndefu, waya, adapta inayochomoza, na kila mkivutana kwenye meza ndogo tundu linalegea. Tundu la chaji likilegea, fundi anakusubiri.

*Kudumu.* Kibodi ya waya ikifa unaazima nyingine jirani. Ukibadilisha kishikwambi unabadilisha adapta tu.

*Inamfaa* mwenye meza moja, anayeandika kwa saa mbili tatu kisha anachaji, na asiyetaka kutumia hela nyingi. Nadhani watu wanaidharau kuliko inavyostahili kwa sababu ya waya tu.

Kibodi isiyo na waya yenye kipokezi cha USB

Hii ni ile inayouzwa pamoja na kipanya, na ndani ya boksi kuna kidude kidogo kama ukucha cha kuchomeka kwenye kompyuta. (Ukiona boksi halina kidude, fungua mfuniko wa betri kabla ya kurudi kugombana, mara nyingi kimefichwa humo, au tumboni mwa kipanya.) Kwa kishikwambi, kidude hicho ni kibodi ya USB kama nyingine yoyote, kwa hiyo kinapita kwenye OTG ileile.

*Tundu.* Umeliziba vilevile. Hapa ndipo ninaposhindwa kuisifu sana kwa kishikwambi: umeondoa waya ulioonekana, tundu limebaki limezibwa. Unachopata ni nafasi, kwa sababu unaweza kusimamisha kishikwambi mbali na kukaa nyuma. Faida ya kweli ni kwamba kidude kimoja huleta kibodi na kipanya kwa pamoja bila habu.

*Umeme.* Betri za AA au AAA, na hudumu miezi mingi.

*Uandishi.* Mzuri, na hauhitaji kuoanisha. Ila hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi, na ukiweka kidude kwenye habu moja na flashi ya USB 3.0 herufi zinaweza kuanza kuruka, kwa sababu USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayo. Hamisha flashi, tatizo huisha. Kuna na la usalama: mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kuwa vipokezi vya chapa kadhaa vingeweza kupokea herufi zilizotumwa na mtu mwingine aliye karibu. Kwa andalio la somo si kitu. Kwa anayeshughulikia malipo ya watu, ni la kufikiria.

*Mwendo.* Nafuu kuliko waya, ila unabeba vipande vitatu, na kidogo kuliko vyote ndicho kinachopotea.

*Kudumu.* Kikipotea, kibodi nyingi za bei ya chini zimekwisha, kwa sababu ziliunganishwa na kidude chake kiwandani. Baadhi ya chapa huruhusu mbadala. Kipokezi cha Unifying cha Logitech, kwa mfano, hununuliwa peke yake na hubeba hadi vifaa sita.

*Inamfaa* ambaye tayari anayo nyumbani. Kuinunua mpya kwa ajili ya kishikwambi pekee, mimi ningesita.

Kibodi ya Bluetooth

*Tundu.* Liko huru. Unaandika huku unachaji, au huku flashi imechomekwa. Kwa wengi sababu hii peke yake inatosha, na hata aliyeharibikiwa tundu upande wa data, lile linalochaji tu na kukataa mengine, ana njia hapa.

*Umeme.* Angalia aina. Zile nyembamba za betri ya ndani huchajiwa kwa kebo, na ni kifaa kingine cha kugombania soketi siku umeme ukikatika. Zenye betri za kawaida huenda mbali zaidi: Logitech K380, ambayo hutumia AAA mbili, mtengenezaji huihesabia hadi miezi 24. Kwa aliye mahali pa mgao wa umeme ningemwelekeza kwenye betri za kununua bila kusita, maana duka la karibu halikosi AAA.

*Uandishi.* Mara ya kwanza unawasha kibodi, unashikilia kitufe cha kuoanisha mpaka taa imulike haraka, unaichagua kwenye orodha ya Bluetooth, na pengine kishikwambi kitakupa tarakimu sita uziandike kwa kibodi hiyohiyo kisha Enter. Watu hukwama hapo: wanazisubiri tarakimu zijiandike zenyewe, au wanazigusa kwenye kioo. Baada ya siku hiyo huungana yenyewe.

Kuna mazoea ya kujifunza. Kibodi ya Bluetooth husinzia ili kuokoa betri. Ukiirudia baada ya chai, herufi moja mbili za kwanza humezwa. Bonyeza Shift, subiri kidogo, ndipo uandike. Ya mtumba huenda bado inamkumbuka mwenyewe wa zamani, na akiwa karibu itamkimbilia yeye. Na ukiisahau imewashwa begini, kishikwambi kitaamini kibodi ipo, kitaficha kibodi ya kioo, na wewe utakaa unagusa sehemu ya kuandikia bila kitu kutokea. Kwenye Android dawa iko kwenye Mipangilio, sehemu ya kibodi halisi, ambako kuna chaguo la kuacha kibodi ya skrini ionekane wakati wote.

*Mwendo.* Ndipo inapong'ara. Nyingi ni ndogo, na baadhi, kama Logitech K480, zina mfereji wa kusimamishia tableti. Mapajani bado ni shida kwa sababu kibodi na kioo ni vitu viwili visivyoshikana.

*Kudumu.* Haijafungwa kwa kishikwambi kimoja. Nyingi hukumbuka vifaa vitatu: kitufe kimoja unajibu ujumbe kwenye simu, kingine unarudi kwenye kishikwambi, cha tatu kompyuta. Betri ya ndani ya zile za bei rahisi ndiyo hufa kwanza, na kuifungua kibodi nyembamba ni kazi.

*Inamfaa* anayetembea, mwenye vifaa zaidi ya kimoja, na anayetaka kuandika huku anachaji.

Kava lenye kibodi

Kabla ya lolote, geuza kishikwambi chako. Kama ubavuni au mgongoni kuna vidoti vya chuma (iPad Pro walianza navyo mwaka 2015, vitatu, Samsung wanaviweka kwenye Galaxy Tab S), kava lake hunasa kwa sumaku, hupata umeme kupitia vidoti hivyo, na huandika bila Bluetooth. Kama hakuna vidoti, kava utakalouziwa kwa kawaida ni kibodi ya Bluetooth iliyovishwa koti, hata muuzaji aseme nini. Yote niliyoyasema juu ya Bluetooth yanalihusu, pamoja na kulichaji.

*Tundu.* Huru. Magic Keyboard, kava la Apple la iPad Pro la mwaka 2020, inaongeza tundu la USB-C kwenye bawaba yake, la chaji tu. Flashi ukiichomeka hapo haisomi.

*Umeme.* Kishikwambi kinalisha, huna la kukumbuka. *Uandishi* ni wa papo hapo, ingawa vitufe kwenye makava madogo hubanana na wenye vidole vinene watalalamika. Likiacha kushika ghafla, futa vidoti kwa kitambaa kikavu kabla hujaenda kwa fundi. Jasho na vumbi ndiyo maradhi yake makubwa.

*Mwendo.* Ndilo pekee linaloandikika mapajani, kwenye basi, kwenye benchi la hospitali, kwenye kiti cha ukumbini kisicho na meza. Uzito usiupuuze: Magic Keyboard ya ile iPad kubwa ya inchi 12.9 huizidi iPad yenyewe.

*Kudumu.* Hapa lipo tatizo. Kava limekatwa kwa umbo la kishikwambi kimoja. Ukinunua kingine cha ukubwa tofauti, kava limebaki yatima. Na bei: Magic Keyboard ilitoka mwaka 2020 kwa dola 299 kwa iPad ya inchi 11 na 349 kwa ile kubwa. Hela hiyo inanunua kishikwambi kizima cha Android na chenji inabaki.

*Inamfaa* ambaye kishikwambi ndicho kompyuta yake, anaandika popote, na hana mpango wa kukibadilisha karibuni.

Mambo mawili yasiyochagua njia

Mpangilio wa herufi. Kibodi nyingi madukani Dar na Nairobi ni za mpangilio wa Marekani. Za mtumba kutoka Uingereza zina alama ya pauni, na alama ya @ na ile ya kunukuu zimebadilishana nafasi. Bukavu, Goma au Bujumbura utakutana na AZERTY, mpangilio wa Kifaransa; kishikwambi kikiisoma kama ya Marekani, ukiandika "mama" kwa kufuata vitufe kitakutolea ";q;q", na "wanawake" itakuwa "zqnqzqke". Kibodi ni nzima. Ikiwa imeunganishwa, ingia kwenye kibodi halisi ndani ya Mipangilio ya Android, uchague mpangilio wa Kifaransa. Maandishi yetu hayana herufi za pekee, kwa hiyo mpangilio wowote ukikaa sawa unatosha. Ng' inataka kidoti chake cha juu tu.

La pili ni masahihisho. Aliyezoea kuandika nusu ya neno kisha kugusa pendekezo juu ya kibodi ya kioo atapotea wiki ya kwanza, kwa sababu mapendekezo hayo mara nyingi hutoweka kibodi ya nje ikiingia. Kwenye iPad hali ni kinyume: masahihisho ya Kiingereza huendelea kuvuruga Kiswahili chako, na swichi yake kwa kibodi ya nje hujitokeza kwenye mipangilio ya kibodi pale tu kibodi inapokuwa imeunganishwa. Unganisha kwanza, ndipo uitafute.

Kwa hali yako

Mwalimu anayeandika maandalio jioni mezani kwake, kishikwambi kikiwa na chaji ya siku: OTG na kibodi ya waya inamtosha, na hela itakayobaki ina kazi nyingine. Akiwa ni wa kuandika usiku kucha wakati wa kufunga shule, huku chaji imeingia, basi Bluetooth ya betri za kununua. Kama kishikwambi ni cha mwajiri, aulize kwanza. Vingine hufungwa visipokee kifaa chochote cha nje, na hapo hakuna kebo itakayosaidia.

Mwanafunzi wa chuo anayefuata mihadhara: kava, kama kishikwambi kina vidoti. Kama hakina, Bluetooth ndogo pamoja na stendi, na akae kiti chenye meza. Vitufe vyenye kelele avikwepe, wenzake watamchukia.

Karani anayeingiza takwimu siku nzima anahitaji safu ya namba upande wa kulia, na makava na Bluetooth nyingi ndogo hazina. Kwake kibodi kubwa ya waya kupitia habu inayopitisha chaji ndiyo kazi itakwenda, mradi ameijaribu habu hiyo kwenye kishikwambi chake hasa, si cha muuzaji.

Mwandishi wa habari au afisa wa mradi anayelala mji huu kesho ule: Bluetooth ya vifaa vitatu, na OTG ndogo kwenye mfuko wa begi kama akiba. OTG haili nafasi, na kibodi ya waya haikosekani mapokezi ya nyumba ya wageni.

Mwenye kibodi na kipanya vya kidude nyumbani tayari anunue OTG tu ajaribu. Akiona chaji inamsumbua, ndipo afikirie Bluetooth.

Na ambaye kioo kimepasuka na hakisikii mguso, mafaili yamo ndani: Bluetooth haitamsaidia kama haikuwahi kuoanishwa, kwa sababu kuoanisha kunataka kugusa hichohicho kioo. Kama ni cha Android, achomeke habu ya OTG yenye kipanya na kibodi za waya, afungue kwa namba yake ya siri, atoe mafaili yake, halafu ndipo ampelekee fundi.